Mbele ya kuuza ordinatere ya zamani: kufuta si kumaliza

Ku masoko ya Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, ordinatere za okazyo zinauzwa kila siku. Zingine zinatoka mu maofisi ya hapa hapa. Mwenye kuuza anasema amefuta kila kitu. Kumbe mara nyingi habari zote zingali ndani.

Namna gani? Disiki iko sawa kitabu kikubwa. Ukifuta fishie, ao ukifanya formata ya haraka, ordinatere inatosha tu ukurasa wenye kuonyesha kila kitu kiko wapi. Kurasa zingine zinabaki. Programu ya bure sawa PhotoRec inaweza kuzirudisha, na haiombi fundi mkubwa.

Mu mwaka 2003, watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza kwamba walinunua disiki 158 za okazyo. Kati ya 129 zenye zilikuwa zinatumika, 12 tu ndizo zilifutwa vizuri. Mu zingine walikuta namba za karte za benki na barua za matibabu.

Kwetu hatari inapita pale. Liste ya wagonjwa wa SIDA, majina ya wanawake waliobakwa, ushuhuda wa mutu mwenye aliona mauaji: vikianguka mu mikono mibaya, mutu anaweza kupoteza ndoa, kazi ao uhai. Tena sheria ya Kongo kuhusu mambo ya numerike, ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inagusa pia ulinzi wa habari za watu.

Basi, ufanye nini?

Kwanza, chunga kopi ya vitu unavyohitaji.

Kwa disiki ya kawaida yenye kuzunguka, andika sifuri juu ya disiki nzima. Mara moja inatosha kwa disiki za leo. Kwa Windows, chagua formata kamili, si ya haraka. Kwa disiki yenye kubeba Windows yenyewe, tumia programu sawa nwipe, yenye kuanzia ku kle USB. Kazi hii inaweza kukamata masaa mingi, kwa hiyo ngojea siku yenye umeme wa kutosha.

Kwa SSD, kuandika juu haifikie kila sehemu. Tumia amri ya kufuta yenye mutengenezaji wake ameweka.

Disiki imekufa? Ifungue, vunja sahani za ndani. Kwa SSD, vunja vile vipande vyeusi vyenye kuchunga habari. Linda macho, juu sahani zingine ni za kioo. Usichome moto: moshi wake ni sumu.

Lakini siku ya kukimbia vita ao ya uporaji, hakuna mutu mwenye kupata muda wa kufuta. Ndiyo maana inafaa kufunga disiki kwa neno la siri tangu leo, kwa mfano na VeraCrypt, programu ya bure. Neno likiwa refu na gumu, mwizi atabeba mashini, si majina ya watu.