Kilo za Maji

Ukisimama kando ya barabara kuu pale Chapwa, malori ya kuelekea mpaka wa Tunduma yanapita usiku na mchana, na kila dereva anaijua mizani ya Mpemba. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaishia tani 56, gari pamoja na shehena yake. Ekseli nazo zina kikomo chao, hivyo mizani ile hujua hata mahali uzito ulipokaa.

Wapo wanamichezo wanaoishi kwa hofu ya mizani namna hiyo: bondia, na joki, yaani mpanda farasi wa mbio. Bondia tunamjua. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomshinda Sam Eggington mjini Birmingham, Septemba 2018, walipigana katika uzani ambao mwisho wake ni kilo 69.85. Joki ni mgeni kwetu. Anayetaka kumwona aende uwanja wa Ngong, Nairobi. Joki hupanda mizani pamoja na tandiko lake, kabla ya mbio na baada ya mbio, na uzito anaopangiwa mara nyingi ni kati ya kilo 50 na 60.

Siku za kupimwa zikibaki chache, mafuta ya mwili hayayeyuki kwa haraka inayotakiwa. Kinachotoka upesi ni maji. Basi mtu anakimbia juani amevaa koti la mvua, anajifungia kwenye chumba cha moto, anatema mate, anaacha kunywa. Maji ni karibu asilimia 60 ya uzito wa mwanamume, kwa hiyo kilo tatu zinaweza kwenda kwa siku moja. Ila sehemu ya maji hayo hutoka kwenye damu. Damu ikipungua, moyo hupiga mbio zaidi kwa kazi ileile, na joto la misuli halipati njia nzuri ya kutoka nje. Kwa mtu wa kilo 70, kupoteza lita moja na nusu tu kunatosha kumpunguzia pumzi.

Bondia wa kulipwa kwa kawaida hupimwa siku moja kabla ya pambano. Ana usiku mzima wa kunywa na kula, na kesho yake hupanda ulingoni akiwa mzito kuliko alivyopimwa. Joki hana usiku huo. Hupimwa, hupanda farasi, hukimbizwa kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa na kiu yake, akishuka hupimwa tena. Mimi namhurumia joki zaidi.

Sababu nyingine ya kumhurumia imo ndani ya mifupa. Mwaka 2012, watafiti wa Ireland walichapisha matokeo ya kuwalinganisha majoki, mabondia na watu wa kawaida wa umri wao. Wote wa makundi mawili ya kwanza hujinyima, lakini mifupa ya mabondia ilikuwa imara kuliko ya watu wa kawaida, na ya majoki ilikuwa dhaifu kuliko ya wote. Mfupa hujijenga pale unapotikiswa. Bondia hukimbia barabarani, huruka kamba na kupiga begi kila siku. Joki hujikunja juu ya mnyama anayefanya kazi ya kukimbia. Na ndiye anayeanguka.

Fred Archer wa Uingereza alikuwa bingwa wa majoki miaka 13 mfululizo, akiwa na urefu wa karibu sentimita 178, mrefu mno kwa kazi ile. Alijinyima chakula na kunywa dawa kali za kuharisha. Novemba 1886, akiwa na miaka 29, amedhoofu kwa njaa na homa ya matumbo, miaka miwili baada ya kufiwa na mkewe, alijiua.

Wanamieleka nao huogopa mizani. Mwishoni mwa 1997, watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha. Wakuu wa michezo ya vyuo walisogeza upimaji karibu na pambano, kisha wakaweka sharti jipya: kabla ya kupangiwa uzani wa msimu, mwanamichezo hutoa mkojo, na ukionyesha amekauka, hapandi mizani siku hiyo.