Fuliza, M-Shwari au Hustler: uanze na ipi ukiishiwa?

Ni tarehe 20, mshahara bado, na kwa simu kuna mikopo mitatu inakungoja. Wengi wetu tunakimbilia Fuliza kwa sababu iko pale pale unapolipa. Piga hesabu kwanza.

Hustler Fund, iliyoanza Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Chukua Sh1,000, lipa baada ya siku 14, riba ni kama bob tatu tu. (Sh50 huenda kwa akiba, kwa hivyo mkononi unapata Sh950.) M-Shwari ilipoanza 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani Sh75 kwa elfu hiyo hiyo. Ada ya Fuliza huhesabiwa kwa siku: inafaa nauli ya leo utakayorudisha kesho, si kodi ya nyumba.

Tena Fuliza haina subira. Pesa ikiingia M-Pesa inakatwa kabla hujaishika, hata kama uliipangia Hustler. Siku 14 zikipita, riba ya Hustler nayo inapanda hadi asilimia 9.5.

Mimi nimebaki na mbili: Hustler ya mipango, Fuliza ya dharura. Na kama Fuliza imekuzoea sana, lipa deni lote kisha ujiondoe kupitia *234#.