Bakora, Kilatini na Kiswahili cha Nyanda za Juu Kusini: Kuisoma Upya Futuhi Moja ya Molière



Mada yangu yaweza kuonekana nyepesi mno kwa mhadhara wa hadhara. Nitazungumzia tamthilia ambamo mke anapigwa, jirani aliyekuja kuamua ugomvi anapigwa, mkata kuni anapigwa, na mzee tajiri naye anapigwa, yote hayo kabla Sehemu ya Pili haijafika katikati. Kwa Kifaransa inaitwa Le Médecin malgré lui, nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 6 Agosti 1666. Kwa Kiswahili tunayo kwa jina la Tabibu Asiyependa Utabibu, tafsiri ya A. Morrison, ambayo ni ya miaka iliyotangulia Azimio la Arusha. Wahakiki wetu wameandika mengi, na kwa haki, kuhusu tafsiri za Shakespeare alizozifanya Mwalimu Nyerere, yaani Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Molière wa Kiswahili hutajwa katika orodha za tafsiri, kisha msomaji huvushwa haraka kwenda kwenye mambo yanayohesabiwa kuwa mazito.

Nina hoja moja tu. Futuhi hii inayodharauliwa ni miongoni mwa maandishi makali kabisa kuhusu mamlaka ya lugha, na sisi tunaoshughulikia Kiswahili cha bara, hususan cha Mbeya na Iringa, tuna sababu ya pekee ya kuisoma. Sikusudii kuihakiki tafsiri ya Morrison neno kwa neno. Ninalotaka kulitazama ni kazi ambayo tamthilia yenyewe humpa mfasiri yeyote wa Kiswahili.

Kwanza mtu mwenyewe. Jean-Baptiste Poquelin, aliyejiita Molière, alikuwa mwigizaji, kiongozi wa kikundi, na mwongozaji wa maonyesho yake mwenyewe kabla hajahesabiwa kuwa mwandishi mkubwa. Kazi yake ilipanda na kushuka. Kikundi chake cha kwanza, kilichoundwa 1643, kilizama katika madeni, na mwaka 1645 alitiwa kizuizini kwa ajili ya madeni hayo. Alizunguka mikoani kwa miaka kumi na mitatu hivi. Aliporudi Paris na kucheza mbele ya Mfalme Louis wa 14, tarehe 24 Oktoba 1658, tanzia ya Corneille aliyoanza nayo haikuwasisimua watazamaji. Kilichomwokoa ni kichekesho kifupi cha daktari mpenda mapenzi, ambacho leo hatuna hata maandishi yake. Somo hilo hakulishika sawasawa, kwani mwaka 1661 alitoa mchezo mzito wa kishujaa, Dom Garcie de Navarre, ukaanguka baada ya maonyesho saba. Hata Tabibu ina kasoro za haraka. Mwisho wake ni wa kuokoteza: kijana anayemtaka binti wa tajiri anapata barua kwamba mjomba wake amefariki na kumwachia mali, na ghafla baba mkwe hana tena kipingamizi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea fundo linalofunguliwa namna hiyo, nitamrudishia karatasi yake.

Miezi miwili kabla ya Tabibu alikuwa ametoa Le Misanthrope, tamthilia ambayo wasomi wa Ufaransa waliipenda na wanaipenda hadi leo. Desturi imekuwa kuziweka mbili hizo kwenye mizani: moja ya akili, nyingine ya mbavu. Boileau, mhakiki aliyekuwa rafiki yake, alilalamika baadaye kwamba bwana huyu mwenye kipaji kikubwa alikubali kushuka hadi kwenye mizaha ya kupigana. Mgawanyo huo wa akili na mbavu tumeurithi bila kuuhoji, na ndio unaofanya vichekesho vyetu wenyewe, vya jukwaani, vya redioni na vya runinga, visipate nafasi ya maana katika mitaala.

Sasa tuitazame bakora. Molière aligawana ukumbi na kikundi cha Waitalia waliocheza michezo isiyoandikwa, na katika michezo hiyo mchekeshaji alibeba fimbo ya vipande viwili vya ubao vilivyogongana na kutoa mlio mkubwa bila kuumiza sana. Fimbo hiyo imeipa jina aina nzima ya vichekesho vya purukushani katika lugha ya Kiingereza. Kwa waigaji wengi, kipigo ni kipigo tu. Kwa Molière, kipigo kina sarufi. Mkata kuni Sganarelle anampiga mkewe Martine. Martine, akitafuta kisasi, anawaambia watumishi wawili wa tajiri Géronte kwamba mumewe ni tabibu wa ajabu ambaye hakubali kuwa tabibu mpaka apigwe. Watumishi wanampiga mpaka anakubali. Akifika nyumbani kwa Géronte, ambaye binti yake Lucinde amekuwa bubu, anamuuliza mzee huyo kama naye ni tabibu. Mzee anakana. Sganarelle anamcharaza bakora, kisha anamtangazia kwamba sasa ni tabibu, na kwamba yeye mwenyewe hakupata shahada nyingine isipokuwa hiyo. Nisemapo maneno haya katika ukumbi wa chuo kikuu naona baadhi yenu mmetabasamu, na mnayo sababu.

Lakini bakora haitoshi kumweka mtu katika utabibu kwa muda mrefu. Inahitaji lugha. Sganarelle aliwahi kumtumikia tabibu wa kweli kwa miaka sita na katika utoto alikariri kitabu cha awali cha sarufi ya Kilatini. Baada ya kuhakikisha kwamba Géronte hajui Kilatini, anamwaga maneno: nusu yake ni ya kubuni, nusu ni mabaki ya kitabu cha shule. Wafasiri wengi huyaacha maneno hayo kama yalivyo, na msomaji wa Kiswahili hucheka kwa sababu ni kelele. Mwanaisimu hucheka kwa sababu nyingine. Kati ya mabaki hayo kuna kanuni ya upatanisho wa kisarufi, isemayo kwamba kivumishi hupatana na nomino kwa jinsi, idadi na uhusika; na Sganarelle anaitamka kanuni hiyo huku akiivunja katika maneno yayo hayo. Kwa Kiswahili ni sawa na mtu kusimama mbele ya darasa na kutangaza kwa sauti nzito kwamba vivumishi lazima lipatane na nomino chake. Mzaha huo unawezekana katika lugha yetu kwa utamu uleule, pengine zaidi, maana sisi tuna ngeli nyingi kuliko jinsi tatu za Kilatini.

Upande wa pili wa jukwaa kuna watumishi wa mashambani, Lucas na mkewe Jacqueline, ambaye ni yaya katika nyumba ya Géronte. Hawa hawasemi Kifaransa cha mjini. Wanasema lahaja ambamo, pamoja na mambo mengine, kiwakilishi cha nafsi ya kwanza umoja, je, hufuatana na kitenzi chenye kiishio cha wingi, -ons. Watazamaji wa Paris walilisikia jambo hilo kuwa kosa la kuchekesha. Tazameni, hata hivyo, tofauti yake na Kilatini cha Sganarelle. Wakulima wa Molière wanakosea kwa utaratibu: kiishio ni kilekile, mara kwa mara, kwa msemaji huyu na yule. Kwa maneno mengine hawakosei. Wana sarufi yao. Mwenye kofia ya utabibu ndiye asiye na sarufi yoyote.

Molière haishii hapo. Mtu wa kwanza katika nyumba ile kusema ugonjwa halisi wa Lucinde ni Jacqueline. Kwa lahaja yake anamweleza bwana wake kwamba dawa ya binti huyu ni kuozwa kijana anayempenda. Na ni kweli, kwa sababu ububu wa Lucinde ni wa kujifanya, ili asiozwe mwanamume aliyechaguliwa na baba. Ukweli wote wa tamthilia umesemwa mapema kabisa, kwa lafudhi ya shamba, na hakuna aliyeusikiliza. Badala yake wanamsikiliza mtu anayesema kwamba moyo uko kulia na ini liko kushoto, na ambaye akihojiwa hujibu kwamba mambo hayo yamebadilishwa siku hizi.

Katika Sehemu ya Tatu anakuja mkulima Thibaut na mwanawe Perrin. Thibaut anaeleza kwamba mkewe anaugua unafiki. Anakusudia ugonjwa wa kuvimba mwili, ila maneno mawili hayo yanakaribiana kwa Kifaransa. (Wakati huo tamthilia ambayo kwa Kiswahili tunaiita Mnafiki, iliyofasiriwa na L. Taguaba mwaka 1973, ilikuwa bado imepigwa marufuku Paris, na yaelekea utani huo uliwachoma wengine.) Mzee anaendelea kueleza kirefu, na Sganarelle anadai hamwelewi hata kidogo. Kijana anatamka sentensi fupi na kutoa sarafu mbili. Mara tabibu anamsifu kwa ufasaha wake. Sijui sura yoyote ya kitabu cha isimujamii iliyoeleza kwa ufupi zaidi kwamba kueleweka si suala la matamshi peke yake.

Hapo ndipo ninapofika Nyanda za Juu Kusini. Wengi wa wanafunzi niliosoma nao tamthilia hii walikuwa watoto wa Mbeya na Iringa, pamoja na maeneo ambayo tangu 2012 ni Mkoa wa Njombe na tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe. Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisangu, Kisafwa na Kinyiha zote ni lugha za Kibantu, ndugu wa Kiswahili, na undugu huo ndio unaofanya athari zake zisisikike kama za lugha ngeni bali kama uzembe. Kinyakyusa hakina sauti r, z wala v. Basi twatarajia mtu aliyekulia Rungwe kabla ya kujua Kiswahili atamke zawadi kama sawadi na vita kama fita. Kuchanganya l na r kunajulikana zaidi, na kila uchaguzi unapokaribia mzaha wa kura na kula hufufuka. Wachekeshaji wetu huutumia sana mtaji huu. Lafudhi ya bara hupewa mlinzi wa geti, mgeni wa mjini, mtu anayetapeliwa stendi. Ni nadra sana kupewa mtu anayesema ukweli. Molière alimpa Lucas, ambaye ni mjinga, na akampa Jacqueline, ambaye si mjinga. Usawa huo ndio ninaoukosa kwetu.

Matamshi, hata hivyo, ni juu juu. Jambo lenye kina ni ngeli za udogo. Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu Kamati ya Lugha ya 1930, hutumia ki- na vi-: kitoto, vitoto. Kinyakyusa na Kihehe hutumia ngeli ya 12 na ya 13, aka- na utu-, na wasemaji wa nyanda hizi wamezihamishia katika Kiswahili chao bila irabu ya mwanzo: katoto kadogo kanalia, tutoto tudogo tunalia. Angalieni upatanisho. Nomino, kivumishi na kitenzi vimeshikana mikono pasipo hitilafu. Mtoto wa Makete au Tukuyu anayeandika sentensi hiyo katika insha anawekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu, na mara nyingine anaelezwa kwamba hajui upatanisho wa kisarufi. Huyo ni Jacqueline, na anayemsahihisha, nasikitika kusema, amevaa kofia ya Sganarelle. Sisemi Kiswahili Sanifu kiachwe katika mitihani. Nasema mwalimu ajue tofauti kati ya sarufi nyingine na ukosefu wa sarufi.

Kwa upande wa ufasiri, jambo hili si la nadharia tupu. Christon Mwakasaka, aliyechapisha kitabu kuhusu fasihi simulizi ya Wanyakyusa mwaka 1978, ndiye aliyempatia Gogol Kiswahili mwaka uliofuata kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mtu aliyesikiliza masimulizi ya Rungwe alikuwa na sikio kwa kichekesho cha ofisi za Urusi. Kwa hiyo watu wenye uwezo tumekuwa nao. Tulichopungukiwa ni ruhusa: mfasiri wa shule na vyuo ameogopa kwamba akiandika tutoto, mhariri atamrudishia mswada.

Nina hadhari mbili kwa atakayejaribu. Ya kwanza ni kipigo cha Martine. Jirani anapoingilia, Martine anamfukuza akisema anataka kupigwa na mumewe, na ukumbi hucheka. Wanafunzi wangu wa kike, kwa kawaida, hucheka mwanzoni tu. Tusilifiche jambo hilo, wala tusililainishe. Mchezo mzima unaendeshwa na kisasi cha mwanamke huyo, na mwishoni, mumewe anapongojea kunyongwa, Martine anamwambia kwamba hataondoka kabla hajashuhudia. Mwongozaji atakayemcheza Martine kama mwanamke mpumbavu ameuvunja mtambo. Ya pili ni kwamba lahaja isigawiwe kwa kubahatisha. Lucas na Jacqueline, Thibaut na Perrin, wote waipate, na waipate kwa utaratibu: ka- na tu- kila mahali zinapostahili, l mahali pa r kila mara au isiwepo kabisa. Wakiongea hivi mara moja na Kisanifu mara nyingine, tutakuwa tumewafanya vikaragosi, na sarufi yao itakuwa imepotea.

Lucinde anapopona na kuanza kusema, anasema kwa mfululizo usiozuilika, mpaka baba yake anamwomba tabibu amrudishie ububu. Sganarelle anajibu kwamba hilo haliwezi. Awezalo ni kumfanya mzee awe kiziwi. Katika Kiswahili gani Lucinde aseme? Yeye ni binti wa tajiri, amelelewa na yaya anayesema katoto na tutoto. Mimi ningemwacha aanze kwa Kisanifu cha baba yake, na kadiri hasira inavyopanda, ka- ya Jacqueline ianze kupenya.