Chekechea ya bure haipo, darasa la kwanza labeba mzigo

MFANYABIASHARA anayehamisha familia kutoka Busia ya Kenya hadi Jinja, au kutoka Malaba hadi Mbale, hukutana na jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mtoto wake wa miaka 4, aliyekuwa akisoma katika chekechea ya umma, hapati darasa katika shule ya serikali. Mzazi huambiwa asubiri mtoto afikishe miaka 6, ama atafute nasari ya kulipia.

Wengine hudhani mwalimu mkuu ndiye mkaidi. La hasha. Ndivyo mpango ulivyo.

Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, mpango huo ulianzia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza, lakini ikaiacha mikononi mwa watu binafsi, mashirika na jamii. Serikali huweka mtaala, hutoa leseni na kukagua. Gharama ni ya mzazi. Hata pale shule ya msingi ya serikali inapokuwa na nasari uani, kwa kawaida wazazi ndio wanaomlipa mwalimu.

Majirani walichukua njia nyingine. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi chekechea kwa serikali za kaunti. Tanzania nayo, tangu Januari 2016, elimu bila ada huanzia darasa la awali. Kwa hiyo anayerejea nyumbani Uganda huacha nyuma huduma aliyoizoea.

Mjini pigo hilo si kubwa sana kwa mwenye kipato. Nasari zipo, na mtoto hupanda kutoka bebi hadi mido, kisha topu. Lakini nasari hufuata pesa. Ukishika barabara ya Tirinyi kutoka upande wa Iganga kwenda Mbale, au ukipanda vijiji vya kahawa vya Mlima Elgon, mkulima hupata fedha za kutosha msimu wa mavuno tu. Karo haimsubiri avune. Huko darasa la watoto wadogo mara nyingi huwa chini ya mwembe, kanisani au msikitini, na mlezi hulipwa kwa kadiri wazazi watakavyochanga.

Idadi ya watu nayo inazidisha mzigo. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu watu milioni 34.6 nchini Uganda. Ile ya 2024 ikahesabu milioni 45.9. Takriban nusu yao ni watoto wa chini ya miaka 18.

Matokeo yake huonekana darasa la kwanza. Mtoto aliyeshika penseli kwa miaka mitatu huketi na mwenzake ambaye hajawahi kuishika. Pembeni yupo wa miaka 5, aliyeletwa mapema kwa sababu hapa hakuna karo, na wa miaka 8 anayerudia. Watafiti wa elimu wameonyesha kwamba watoto walioandikishwa darasa la kwanza Uganda huzidi kwa mbali idadi ya watoto wa umri huo. Darasa hilo limegeuka chekechea, ila halina vifaa vya chekechea wala mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo. Mtoto akishindwa hapo, huitwa mzito wa kichwa, kumbe hakuandaliwa.

Kwamba maandalizi husaidia, ushahidi upo hapa kwetu Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu chekechea za mradi wa Madrasa wa Aga Khan huko Kenya, Zanzibar na Uganda ulionyesha kwamba watoto waliozihudhuria walipiga hatua kubwa zaidi katika majaribio ya kufikiri kuliko waliobaki nyumbani. Nazo zilikuwa shule za jamii za kawaida, si za matajiri.

Kwa wanaorejea kuna pia suala la lugha. Tangu mtaala wa mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza vijijini hufundishwa kwa lugha ya eneo: Lusoga upande wa Jinja, Lumasaaba upande wa Mbale. Mijini, penye mchanganyiko wa makabila, hutumika Kiingereza. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini mtoto aliyelelewa Mombasa asidhani atasalimiwa nacho darasani.

Basi mzazi, kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: je, nasari hiyo ina leseni? Mlezi amesomea kazi hiyo? Watoto wanafundishwa kwa lugha gani? Beba cheti cha kuzaliwa na ripoti ya shule ya awali. Kumbuka pia kwamba muhula wa kwanza Uganda kwa kawaida huanza mwezi Februari, baada ya ule wa Kenya. Na usimsukume wa miaka 5 darasa la kwanza kwa kuwa tu ni bure.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mashariki mwa Uganda, hata hivyo, anayekunjwa mapema ni mtoto ambaye mzazi wake ana karo. Mwenzake husubiri hadi miaka 6, kisha wote wawili hupimwa kwa mtihani mmoja.