Kesha Lilianza kwa Wachimba Makaa

Maneno ya Kanisani na Asili Yake: Sehemu ya Tatu

Usiku wa Desemba 31, ukipita Matete, Kaunti ya Kakamega, kuanzia Chevaywa hadi Lwandeti, utasikia ngoma na vipaza sauti vya makanisa vikishindana. Wengi wanaokesha humo si Wamethodisti. Ni Wapentekoste, na ni Friends (Waquaker), ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Hata hivyo, ibada hiyo ya kesha ilienea kwa bidii ya Wamethodisti.

Kukesha kwenyewe ni jambo la kale. Wakristo wa karne za kwanza walikesha kabla ya sikukuu, na Wamoravia wa Herrnhut, Ujerumani, walikuwa na desturi hiyo kabla ya John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti. Lakini kesha la Kimethodisti lilizaliwa Kingswood, karibu na Bristol, Uingereza, miongoni mwa wachimba makaa ya mawe. Hao walizoea kumaliza usiku wa Jumamosi vilabuni wakinywa. Walipookoka, hawakuacha kukutana. Walikutana usiku uleule, sasa kwa sala na nyimbo.

Wapo waliomshauri Wesley apige marufuku mikutano hiyo. Yeye aliipima kwa mfano wa Wakristo wa kale, akaikubali na kuiwekea utaratibu: ifanyike mara moja kwa mwezi, Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu, ili watu wa mbali wapate mwanga wa kuja na kurudi. London walifanya kesha lao la kwanza Aprili 9, 1742. Ibada ilianza saa mbili u nusu usiku, ikaisha baada ya saa sita.

Kwa hiyo, mwanzoni kesha la Kimethodisti halikuhusu mwaka mpya. Lilihamia mwisho wa mwaka baadaye, likakaribiana na ibada ya kufanya upya agano na Mungu, ambayo Wesley aliianzisha mwaka 1755. Huko Marekani, Desemba 31, 1862, Wamarekani weusi walikesha makanisani wakingoja tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa. Huku kwetu, mapema mwaka huohuo Thomas Wakefield, mmisionari wa Kimethodisti, alikuwa amewasili Mombasa, na kazi ya umisionari ikaanza Ribe, karibu na mji huo.

Historia hii inajibu lalamiko tunalolisikia kila Desemba: kwamba kesha limekuwa kisingizio cha vijana kuzurura, wengine wakitoka huko na kuelekea kwenye busaa. Lalamiko lina ukweli, ila dawa yake si kulifuta kesha. Kesha la Kingswood lilianzishwa na watu ambao, bila hilo, wangekuwa kilabuni, na Wesley alijali hata njia yao ya kurudi nyumbani. Wazee wa kanisa wanaopanga mahubiri ya usiku kucha na wapange pia nani atawasindikiza mabinti, na bodaboda gani itawafikisha makwao.

Toleo lijalo: sakiti, na kwa nini mhubiri wa Kimethodisti alihitaji farasi.