Chakula cha Mchana Shuleni: Shilingi 5 na Mahesabu Mengine

Chapati moja ya kibandani Nairobi ni shilingi 20 mahali pengi. Kwa hela hiyo, mtoto aliye katika shule ya msingi ya umma anakula mchana siku nne. Ndivyo ulivyopangwa mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023: mzazi anatoa shilingi 5 kwa sahani, kaunti ya Nairobi inaongeza 25, na chakula kinapikwa katika majiko makubwa kwa ushirikiano na Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012. Mzazi anatuma pesa kwa M-Pesa, mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa, anapakuliwa wali na ndengu au maharagwe, basi.

Tuseme mwaka wa masomo una siku 180 hivi. Mtoto mmoja atakula kwa shilingi 900, watatu kwa 2,700. Mchango wa kaunti kwa mtoto huyo ni shilingi 4,500, zaidi ya mara tatu ya zile 1,420 ambazo serikali kuu imekuwa ikikadiria kwa masomo ya mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Elimu ya bure iliyokuja mwaka 2003 ilifuta karo. Sufuria haikuigusa.

Wapo wanaosema kupika nyumbani ni nafuu. Kilo ya mchele huwatosha watoto kumi hivi, sahani moja moja. Ili sahani iwe shilingi 5, kilo hiyo ingebidi iuzwe 50, bila kuhesabu ndengu, kitunguu, mafuta wala gesi. Nionyeshe duka hilo! Halafu kuna saa. Wali uliopikwa alfajiri ukafungiwa kwenye mkebe hukaa vuguvugu hadi saa saba mchana, na wali wa namna hiyo unaweza kumharibu mtoto tumbo hata kama haujaanza kunuka. Ukilazimika kufunga chakula, chapati kavu au viazi vitamu vilivyochemshwa ni salama zaidi kuliko wali na mchuzi.

Kurudi nyumbani kula ni bure kwenye karatasi tu. Lazima awepo mtu wa kupakua, na barabara ya kuvuka isiwe ile ya matatu.

Sasa, nani anastahili? Hapa ndipo ninapolalamika. Kigezo ni shule anayosoma mtoto. Kipato cha mzazi hakiulizwi. Mwenye gari akimpeleka mwanawe shule ya umma, mtoto anapata sahani kama wenzake, na sioni ubaya: hakuna anayeona haya kwa kula cha bei nafuu. Lakini mama anayefua nguo za watu, ambaye mtaani kwake Mukuru shule iliyo karibu ni ya kibinafsi, ile ya mabati yenye karo ndogo, mpango huu haukuwekwa kwa ajili yake. Atalipa karo, kisha alipe chakula bei ya shule au amfungie mwanawe alichonacho. Mwenye kidogo ndiye anayelipa kikubwa.

Kwa hiyo unapolinganisha shule, usitazame karo peke yake. Mwalimu anapokutajia ada ya muhula, muulize chakula kimo au ni pembeni, kinatoka wapi, na bangili ya mtoto ikiisha pesa siku ya Jumatano anakula au anatazama wenzake. Muulize pia kuhusu Jumamosi na likizo, maana hapo sahani ya kaunti haipo na bajeti ya nyumbani hupanda ghafla.

Uamuzi wangu: aliye na nafasi katika shule ya umma ya Nairobi asisumbuke na mkebe. Atume shilingi 25 Jumapili jioni, amalize wiki. Na kaunti, kabla ya kujenga jiko jingine, ifungue mlango kwa watoto wa shule za mabati.