Ghala la Uani: Majina Yake na Kazi Yake

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Neno hili ni kweli kwa maana yake ya ndani. Walakini mkulima wa Chalinze ajua ya kuwa mahindi huoza, tena huliwa na wadudu na panya, yasipopata mahali pake. Mahali hapo ndipo ghala, yaani kijumba kidogo kijengwacho uani, nyuma ya nyumba ya kulala. Nataka kueleza kwanza majina ya mahali pa kuwekea nafaka, maana majina hayo yatufunza namna ya kujenga. Kisha nitaonyesha kwa nini ujenzi wa zamani peke yake hautoshi siku hizi.

Neno ghala limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni mazao yenyewe yatokayo shambani. Kwetu jina la kitu limekuwa jina la nyumba yake. Uchaga ni kama kitanda cha fito kilichofungwa juu ya nguzo, na fito zake huachiwa nafasi ili hewa ipite. Ukijengwa juu ya mafiga, moshi hupanda ukakausha mahindi na kufukuza wadudu. Ndiyo sababu watu wengi huweka mbegu zao huko. Kihenge ni kama kapu kubwa sana la mviringo, lililofumwa kwa fito, pengine likakandikwa udongo, likainuliwa juu ya miguu na kufunikwa kwa paa la nyasi. Bohari ni ghala kubwa la biashara au la serikali, wala mtu hakiiti kijumba cha uani kwake kwa jina hilo.

Siku hizi wengi husema stoo, neno lililotoka katika Kiingereza. Katika stoo hutiwa kila kitu: majembe, baiskeli, mafuta ya taa, dawa za kuulia wadudu, na magunia ya mahindi pamoja navyo. Hapa pana hatari. Uchaga na kihenge ni majina ya mahali pa chakula. Stoo ni jina la mahali pa chochote. Basi mtu ajengaye stoo na akumbuke kuigawa kwa ukuta, au ajenge vijumba viwili, ili sumu isikae karibu na unga wa watoto.

Tukiyatazama majina yale ya zamani, twaona sheria tatu. Ya kwanza ni miguu. Sakafu ya ghala na iinuliwe kadiri ya mita 1 kutoka chini, juu ya nguzo za mti mgumu ambao mchwa hawauli upesi. Kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama pia, mdomo wake mpana ukielekea chini, panya asipate kupanda. Tena ghala lisiguse ukuta wala tawi la mti, kwa kuwa panya huruka. Ya pili ni hewa: magunia yapangwe juu ya fito, yasiegemee ukuta. Ya tatu ni paa lenye upenu mrefu, ili mvua ya masika isipige kuta.

Ukubwa wake waweza kujulikana kwa hesabu. Zamani watu wa pwani walipima kwa kibaba na pishi, na vibaba 4 ni pishi 1, karibu kilo 2.7. Tuseme nyumba yala pishi 1 kila siku. Kwa siku 300 ni pishi 300, yaani kama kilo 810, au magunia 8 ya kilo 100 na kidogo juu yake. Nafaka hiyo yaenea katika kijumba cha mita 2 kwa mita 2, na nafasi ya kupita ikabaki. Twaona, basi, ya kuwa ghala la kutosha si jengo la matajiri.

Majira nayo yana neno lake. Mahindi ya masika huvunwa wakati wa kipupwe, ambapo mvua ni chache, nayo hukauka vizuri. Mahindi ya vuli huvunwa karibu na masika mengine, nayo ndiyo yatakayo uangalifu. Yaanikwe juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Ili kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, tia punje kadhaa na chumvi kavu, utikise, ungoje kidogo. Chumvi ikishika kiooni, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani.

Sasa nieleze jambo lililobadilisha desturi. Wazee walimjua fukusi, na juu yake uchaga wenye moshi ulifaa. Lakini mwaka 1981 ilitangazwa kwamba mdudu mgeni, dumuzi, ameonekana Tabora. Asili yake ni Amerika ya Kati. Wakulima wengi walimpa jina la Scania, jina la lori kubwa, nadhani kwa nguvu yake ya kula. Mdudu huyu husafiri pamoja na nafaka. Na Chalinze ni njia panda, hapo barabara ya Morogoro inapoachana na ile ya Segera na Tanga. Dumuzi hupenda hasa mahindi yaliyo bado katika magunzi, maana punje zimeshikwa imara naye hupata kutoboa. Tena hutoboa hata miti ya ghala. Kwa hiyo mahindi ya chakula yapukuchuliwe, yasafishwe, kisha yatiwe dawa iliyoruhusiwa kwa nafaka, au yafungwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa bila sumu. Kabla ya mavuno mapya ghala lifagiliwe, na masalio ya zamani yachomwe moto.

Adui mwingine haonekani kwa macho. Kuvu wa nafaka yenye unyevu huzaa sumu, nayo yaitwa sumukuvu, jina lililoungwa vizuri kwa maneno mawili ya kwetu. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuipika nafaka hakuiondoi. Ni heri kutupa debe moja la mahindi yaliyoota kuvu kuliko kuyasaga.

Walimu wenzangu, katika nyumba nyingi mama ndiye afunguaye ghala na kupima chakula cha siku. Basi mafundisho haya yasitolewe kwa wanaume barazani peke yao. Apelekewe yeye pia, maana ndiye wa kwanza kuona unga wa dumuzi chini ya gunia.